Paka Anayebweka na Lugha za Watoto Wetu

Msafiri anayepanda matatu mjini Meru kuelekea Embu hupata somo zuri la isimu bila ya kulipa karo, mradi tu awe na masikio. Akiwa Nkubu atawasikia abiria wakizungumza Kiimenti. Akifika Chogoria atasikia Kimwimbi. Chuka atasikia Kichuka. Na akiisha kuvuka mto Thuchi na kuingia Runyenjes, atasikia Kiembu. Wengine hushuka, wengine hupanda, na lugha hubadilika kidogo kidogo jinsi udongo unavyobadilika rangi kando ya barabara. Hakuna mahali ambapo msafiri anaweza kuweka kidole na kusema kwamba hapa ndipo lugha moja ilipokoma na nyingine kuanza. Mwanaisimu Malcolm Guthrie alipoyaainisha makundi ya lugha za Kibantu, aliziweka lugha hizi katika kundi moja la E50, pamoja na Kigikuyu, Kitharaka na Kikamba.

Nilisafiri katika njia hiyo likizo moja ya Desemba pamoja na binti yangu wa miaka saba, tukienda kumjulia hali nyanya yake huko Runyenjes. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza mazungumzo ya abiria kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Binti yangu hakusikia lolote. Masikio yake yalikuwa yamezibwa kwa vile visikizi vidogo, na macho yake yalikuwa kwenye simu yangu akitazama filamu ya katuni. Mara kwa mara aliimba vipande vya nyimbo zake kwa Kiingereza safi, tena kwa lafudhi ambayo wala mimi wala mama yake hatuna. Mama mmoja aliyepanda Chuka na kapu la ndizi alimtazama, akatabasamu, akamsemesha kwa Kichuka. Binti yangu alinigeukia akaniuliza, kwa Kiingereza, mama yule alikuwa anataka nini.

Mama huyo hakutaka kitu. Alikuwa anamwamkua.

Filamu hiyo inaitwa Barbie as the Princess and the Pauper. Ilitolewa mwaka wa 2004, na ndiyo ya kwanza ya muziki katika mfululizo wa filamu za mwanasesere Barbie, mfululizo ulioanza mwaka wa 2001. Hadithi yenyewe imetokana na kitabu cha Mark Twain cha mwaka wa 1881 kuhusu mwana wa mfalme na mtoto wa maskini wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Katika filamu, wavulana wawili wa Twain wamegeuzwa kuwa wasichana wawili. Anneliese ni bintimfalme ambaye analazimishwa kuolewa na mfalme asiyemjua ili kuokoa hazina ya nchi yao. Erika ni fundi wa kushona anayemtumikia mwanamke mkali ili kulipa deni lililoachwa na wazazi wake. Wanakutana, wanashangaa kuona sura zao ni moja, na punde si punde Anneliese anatekwa nyara na Erika anafundishwa kujifanya bintimfalme.

Najua msomaji anaweza kushangaa kwamba mtu mzima, tena mwalimu wa chuo kikuu, anaisimulia kwa makini filamu ya watoto iliyotengenezwa ili kuuza wanasesere. Shaka hiyo ina msingi. Barbie ni bidhaa. Alianzishwa na Ruth Handler wa kampuni ya Mattel huko Marekani mwaka wa 1959, akapewa jina la binti wa mwanamke huyo, na tangu hapo ameuzwa kila pembe ya dunia. Lakini bidhaa ikiisha kuingia sebuleni inakuwa pia mwalimu, na mwalimu asiyekaguliwa na mtu ni wa kuangaliwa. Basi nilikaa na binti yangu nikaitazama filamu hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikiri kwamba ilinipendeza. Kuna jambo moja hasa lililonigusa. Erika ana paka anayeitwa Wolfie, na paka huyo halii nyau kama paka wengine. Anabweka. Ana umbo la paka na sauti ya mbwa. Katika mojawapo ya nyimbo za filamu, Erika anamwimbia kumhakikishia kwamba anampenda vivyo hivyo alivyo. Binti yangu alicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka pia, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu niliona kwamba paka huyo nimeketi naye kwenye kochi moja.

Tulipofika Runyenjes, mama yangu alitupokea mlangoni. Alimkumbatia mjukuu wake, akamwuliza habari za shule, na za safari, na kama alikuwa na njaa. Mtoto alisimama akatabasamu kwa adabu, asielewe neno. Mama yangu anajua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, kinachomtosha kununua na kusali, lakini hakimtoshi kumbembeleza mtoto. Binti yangu naye ana Kiswahili cha darasani, chenye ngeli na insha, ambacho hakimtoshi kudeka kwa nyanya yake. Kwa siku nne nilikaa jikoni nikiwa mkalimani baina ya watu wawili ambao damu yao ni moja. Mama yangu alikuwa ametayarisha hadithi ya msichana na zimwi, ile ile aliyotusimulia sisi tukiwa wadogo, penye moto ule ule. Alisimulia sentensi moja, akangoja nitafsiri, akasimulia nyingine, akangoja. Hadithi ikifikia mahali pa kuimba hukoleza kwa mwitikio wa wasikilizaji. Safari hii hapakuwa na wa kuitikia isipokuwa mimi. Alipofika katikati alisema amechoka, atamaliza kesho. Kesho yake hakuirudia.

Usiku huo nilijiuliza swali ambalo huwauliza wanafunzi wangu kila mwaka: lugha hufa vipi? Jibu lililo katika vitabu ni kwamba haifi siku anapofariki msemaji wa mwisho. Hufa mapema zaidi, siku mzazi anapoacha kumsemesha mtoto wake kwa lugha hiyo. Nimeliandika jibu hilo ubaoni mara nyingi. Nimewaeleza wanafunzi kwamba tangu mwaka wa 1953 UNESCO ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama. Kwamba hapa kwetu tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliegemea Kiingereza tangu darasa la kwanza, na kwamba kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ikarudi kupendekeza lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Nimewasomea Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010, kinachoitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Hayo yote nayajua. Hata hivyo, nilipomtafutia binti yangu shule, nilichagua ile iliyoahidi Kiingereza kitupu. Na jioni nilipochoka, nilimkabidhi simu na mwanasesere akamlea.

Kwa hiyo simlaumu Barbie. Paka hakujifundisha kubweka. Alibweka kwa sababu alisikia kubweka.

Sisi wa rika langu tuliosoma miaka ya 1980 tulifundishwa aibu kwa njia nyingine. Katika shule niliyosoma, mtoto aliyesikika akisema Kiembu alivishwa kibao shingoni, naye alikivaa mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Jioni wote waliokivaa siku hiyo walichapwa. Kibao kile kilituuma, lakini hakikutuondolea lugha, kwa kuwa tulipotoka lango la shule tuliirudia lugha yetu njia nzima mpaka nyumbani. Watoto wa leo hawavishwi kibao. Wanapewa nyimbo tamu, rangi za kupendeza na paka wa kuchekesha. Fimbo ilishindwa na kazi ambayo sasa inafanywa na wimbo, na sababu yake si ngumu kuielewa. Wimbo hurudiwa. Maneno yake yamefungwa katika mdundo, na mdundo huyashika maneno kama uzi unavyozishika shanga. Mtoto hukumbuka mstari wa wimbo hata kabla ya kujua maana yake. Ndiyo maana babu zetu walitia nyimbo ndani ya hadithi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuzifasiri filamu hizi kwa Kiswahili. Ni wazo jema, na si geni. Katika mabanda ya video nchini Kenya, msimulizi DJ Afro amepata umaarufu mkubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, na vijana humfuata yeye zaidi ya wanavyowafuata waigizaji. Uganda nako wapo wasimulizi kama VJ Jingo wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Lakini kusimulia mapigano ni jambo moja, na kufasiri wimbo ni jambo jingine. Hapa naomba walimu wa fasihi waniazime masikio.

Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na aghalabu mstari wa wimbo wake hukomea kwenye silabi yenye mkazo. Mwimbaji huishikilia silabi hiyo ya mwisho kwa sauti kuu. Kiswahili kwa kawaida hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: u-PE-ndo, HU-ru, ma-LKI-a. Ukiyatia maneno hayo katika sauti ya wimbo wa Kiingereza bila ya uangalifu, noti kubwa itaangukia silabi dhaifu, na wimbo utasikika kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Isitoshe, neno moja la Kiingereza la silabi moja laweza kudai silabi nne za Kiswahili, nao muziki haungoji.

Je, haiwezekani? Inawezekana, na washairi wetu walilitatua tatizo hilo kabla Barbie hajazaliwa. Katika shairi la Kiswahili, kina huwekwa kwenye silabi ya mwisho, ile isiyo na mkazo, na mwimbaji huivuta mpaka ikapata uzito wake. Mizani nane upande wa utao na nane upande wa ukwapi humpa mwimbaji kipimo anachokiamini. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo roho ya uimbaji. Mfasiri anayejua mizani na vina anaweza kuutunga upya wimbo wa filamu badala ya kuuburura neno kwa neno. Mwanafunzi anayeuliza faida ya kuhesabu mizani nje ya mtihani, hii hapa faida moja.

Kwa Kiembu na Kimeru kazi ni nyeti zaidi, maana lugha hizi ni za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana ya neno. Mtunzi asiyeijali toni anaweza kuimba neno moja na msikilizaji akasikia jingine. Aidha, zina irabu saba pale ambapo Kiswahili kina tano. Haya si mapungufu. Ni utajiri unaohitaji fundi, na mafundi wa kwanza wa utajiri huo ni akina nyanya ambao leo hawana wa kumwimbia.

Wala tusidhani kwamba Afrika Mashariki haiwezi kutengeneza katuni zake. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye michoro iliyofuata mtindo wa mchoraji wa Tanzania Edward Saidi Tingatinga, ulitengenezwa jijini Nairobi na kuonyeshwa Uingereza mwaka wa 2010. Dar es Salaam ilituletea Ubongo Kids mwaka wa 2014, kipindi kinachofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Redio nazo zimetangulia: Muuga FM hutangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na wasikilizaji wapo. Kaunti ya Meru ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.5 katika sensa ya mwaka wa 2019, na Embu zaidi ya laki 6. Hizi si lugha za watu wachache waliojificha msituni.

Watengenezaji wa wanasesere wenyewe walishagundua kwamba dunia ina watu wa namna nyingi. Mwaka wa 1968 walimtoa Christie, rafiki mweusi wa Barbie. Mwaka wa 1980 akatoka Barbie mweusi, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins. Mapema katika miaka ya 1990 walimtengeneza hata Barbie wa Kenya, aliyevaa mavazi mekundu na shanga kwa mfano wa Wamaasai. Tulipewa ngozi, tukapewa na shanga. Ulimi hatukupewa, wala hatukuwa na haki ya kuudai kwao. Ulimi hutolewa nyumbani.

Neno lenyewe la Kiswahili linatufundisha jambo. Tunasema mwanasesere analala, wanasesere wamelala. Kitu cha plastiki tumekiweka katika ngeli ya A-WA, pamoja na watu na wanyama, kana kwamba kinapumua. Kiswahili kina neno jingine pia, bandia, ambalo maana yake ya zamani ni mwanasesere wa vitambaa, na ambalo leo twalitumia kwa kila kitu kisicho halisi: noti bandia, vyeti bandia, meno bandia. Lugha yetu ilijua tangu zamani kwamba mtoto wa kuigiza aweza kupewa uhai mchezoni, na kwamba aweza pia kuchukua nafasi ya kitu halisi. Ni juu yetu kuchagua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto anyimwe Kiingereza. Mzazi anayesema kwamba Kiingereza ndicho kinachotafutiwa kazi anasema kweli, nami mshahara wangu ni ushahidi. Wala sisemi Kiswahili kiwekwe pahala pa Kiingereza ili nacho kikanyage Kiembu. Huko kutakuwa kumbadilisha bwana tu. Ninachosema kimo ndani ya filamu yenyewe. Erika alifundishwa kutembea, kuketi na kusema kama bintimfalme, akaweza. Lakini alipovaa gauni la kifalme hakulazimika kusahau kushona. Mtoto mwenye akili timamu anaweza kuvaa lugha tatu, akazibadilisha kwa mujibu wa mahali, na kila moja ikamkaa. Kosa si kumvisha gauni jipya. Kosa ni kuchoma lile la kwanza.

Basi kwa walimu wenzangu wa Meru, Tharaka Nithi na Embu nina pendekezo dogo lisilohitaji fedha za wizara. Filamu hizi watoto wanazo tayari. Chukueni dakika kumi za filamu yoyote ya katuni, zimeni sauti, kisha waambieni watoto wasimulie wanachokiona, mara ya kwanza kwa lugha ya nyumbani, mara ya pili kwa Kiswahili, mara ya tatu kwa Kiingereza. Mtasikia wapi maneno yanajaa na wapi yanapwaya. Wapeni wanafunzi wakubwa wimbo mmoja wautunge upya kwa mizani nane kwa nane. Na kazi ya likizo iwe moja: kila mtoto arudi na hadithi moja ya nyanya au babu, pamoja na wimbo wake, akiwa ameikariri kwa lugha aliyoipokea.

Kwa wanafunzi wangu wa isimu nasema: mwaka huu msilete tasnifu kuhusu kufa kwa lugha kabla ya kunieleza mnazungumza lugha gani na wadogo zenu.

Na mimi je? Siku ya mwisho kule Runyenjes, binti yangu alikuwa akicheza na paka wa nyanya yake karibu na mafiga. Aliniomba nimwulize nyanya kama paka huyo anajua kubweka. Nilianza kutafsiri, nikasita. Nikamfundisha maneno manne ya Kiembu, nikamwambia aulize mwenyewe. Alimwendea nyanya yake akayasema kwa kigugumizi, toni zikiwa zimekwenda mrama. Mama yangu hakuelewa mara ya kwanza. Mara ya pili alielewa, akaangua kicheko kikubwa, akaweka chini mwiko, akamjibu. Na kwa mara ya kwanza siku zile nne hakunitazama mimi.

Tangu hapo tumepanga kwamba kila Jumapili jioni binti yangu humpigia nyanya yake simu, nami hutoka chumbani. Mara nyingi mazungumzo huwa mafupi. Mara nyingine hunyamaza tu wote wawili. Lakini ile hadithi ya zimwi, iliyokatika katikati, imeanza tena upya, sentensi moja kwa wiki. Sijui ni lini watafika mahali pa kuimba. Najua tu kwamba wakifika, wa kuitikia atakuwapo.

Mwalimu, mzazi, mwanafunzi: nyumbani kwako ni nani anayeitikia?